Mbusa Mwenye Ndevu Nyeupe

Marie-Jeanne Kahongya hapendi neno "kuficha". Mtu akimwuliza alimfichaje mwalimu Kabongo wakati wa vita, humrekebisha kwanza, ndipo ajibu. Vitu vya kuficha, anasema, ni chumvi na sabuni. Kabongo alikaa barazani kwake, mtaa wa Mulekera mjini Beni, mchana kweupe, juu ya kiti, akila mbele ya wapita njia.

"Mimi sikumuficha," husema. "Nilimupatia jina. Na hilo jina nililikosea."

Mwaka 1998 alikuwa na miaka arobaini na minne, mjane, muuza samaki. Kila Jumanne alishuka Kyavinyonge kuchukua tilapia ziwani, akazitia chumvi, akazikausha, akaziuza Beni. Alijulikana kwa mambo mawili: samaki wake hawakuwahi kuoza, na sauti yake ilifika upande wa pili wa soko bila yeye kuinuka kwenye kigoda.

Kabongo alikuwa jirani yake, nyumba ya tatu. Alifundisha hesabu shule ya sekondari. Alizaliwa Kasai, akasoma Katanga, na serikali ikamtuma Beni miaka kumi na miwili kabla ya hapo. Alikuwa mtu wa suruali iliyopigwa pasi na ndevu zilizochongwa vizuri, nyeupe zote ingawa alikuwa na miaka hamsini na miwili tu. Mwezi wa saba mkewe Victorine na binti yao Shekinah walikwenda Kananga kumzika baba yake Victorine. Kabongo alibaki akingojea matokeo ya mtihani wa serikali. Mwezi wa nane vita vikakata njia, na mji ukapata wanajeshi wapya.

Wanajeshi hao walikuja na orodha ya watu "waliotumwa na Kinshasa". Kabongo hakuwa ametumwa na mtu zaidi ya wizara ya elimu, iliyompa barua moja na sanduku la chaki. Lakini jina lake lilikuwa la Kasai, na jina la Kasai lilitosha. Jumatatu walichukuliwa karani wa kodi na mtu wa posta, wote wawili wageni wa mkoa. Hawakurudi. Jumanne asubuhi, Marie-Jeanne akijiandaa kushuka ziwani, Kabongo aliingia kwake kupitia mlango wa jikoni, amekumbatia mzigo wa karatasi za mtihani za mwaka wa tano.

"Mwalimu, umebeba nini?"

"Ni copies za batoto ba cinquième. Sijamaliza kusahihisha."

"Banakutafuta bakuue, na wewe unasahihisha?"

"Mais Mama, si kosa la batoto."

Marie-Jeanne alimwonyesha kiti. Alifikiri kumweka chumbani nyuma ya magunia ya chumvi, akaona hapana: mtu anayetolewa nyuma ya magunia hana la kujitetea. Mtu anayekaa barazani akiparua samaki ni mtu wa nyumba. Basi akampa kisu na beseni. Mwalimu aliparua samaki vibaya kuliko mtu yeyote aliyewahi kuishika kazi hiyo pale, akaacha magamba mgongoni na kuondoa nyama tumboni. Majirani waliona, wakapita na shughuli zao.

Ijumaa, saa nane mchana, wanajeshi watatu walisimama langoni. Komanda wao alikuwa mtu mrefu mwenye miwani ya jua, mgeni wa nchi ile. Pamoja nao alikuwa Phinées, mtu wa Beni, ambaye kabla ya vita aliuza betri za tochi sokoni. Walimchukua awaonyeshe watu, maana yeye aliwajua wote.

"Huyu nani?" komanda aliuliza.

"Ni ndugu yangu."

"Jina?"

"Mbusa," Marie-Jeanne akajibu, bila kupepesa jicho.

Hapo ndipo kosa lilipo, na asiye Mnande huenda asilione. Kwa Wanande, kabila la Marie-Jeanne, mtoto hapewi jina lake la kwanza kwa kupenda. Hulipata kwa zamu yake ya kuzaliwa. Mwana wa kwanza wa mama ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Mama yake Marie-Jeanne alizaa wavulana watano, na mji mzima uliwajua. Alipohitaji ndugu mmoja zaidi, kichwa chake kilifanya kile ambacho kichwa cha Mnande yeyote kingefanya: kilihesabu hadi watano, kikachukua jina lililofuata. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Alichosahau ni kuangalia ndevu.

Phinées hakusahau. Alimtazama Kabongo, akamtazama Marie-Jeanne, akaanza kucheka mabegani, kimyakimya, mpaka komanda akageuka.

"Unacheka nini?"

"Hapana kitu, chef." Kisha akamwambia Marie-Jeanne, "Mama, kwenu muko banaume bangapi?"

"Batano, na huyu sita."

"Huyu ni wa mwisho."

"Ni wa mwisho."

"Kama wa mwisho iko na ndevu hii, Mumbere wenu alipanda safina pamoja na Noa?"

Mwanajeshi mmoja akaangua kicheko. Komanda hakucheka. Alivua miwani. Mdomo wa Marie-Jeanne, ambao ulikuwa umezoea kubishana na wanunuzi miaka ishirini, uliendelea wenyewe.

"Nani alikuambia ni wa mama yangu? Huyu ni wa mama mukubwa."

"Mama mukubwa gani?"

"Papa alioa mwanamuke mwingine mbele ya kumuoa mama yangu. Alizaa naye banaume sita. Huyu ni Mbusa wa kule. Mwanamuke alikasirika, akabeba batoto, akaenda nabo Katanga."

"Likasi," Kabongo akaongeza kwa upole, kisu mkononi. "Tulikomalia Likasi, tangu utoto." Na Kiswahili chake kilikuwa cha Likasi kweli, kwa kuwa ndiko alikosomea.

Phinées akaacha kucheka. Komanda akauliza, "Baba yenu yu hai?"

"Iko Kalunguta," Marie-Jeanne alisema.

Angeweza kusema amekufa, na mambo yangeishia pale. Hakuweza. Kumtangaza baba aliye hai kuwa marehemu ni jambo ambalo ulimi wake ulikataa, ingawa ulimi uleule ulikuwa umemwoza mke mwingine dakika moja iliyopita.

"Vizuri," komanda akasema. "Twende tukamwulize. Akisema hamjui, huyu harudi huku. Na wewe pia hurudi."

Wakapandishwa nyuma ya pikapu. Hapakuwa na njia ya kutuma neno mbele. Na mtu waliyekuwa wanakwenda kumwuliza alikuwa Ézéchiel, katekista wa Kalunguta kwa miaka arobaini, mzee wa miaka themanini, ambaye hakuwahi kusema uongo hata ule mdogo wa nyumbani. Mgeni asiyetakiwa akifika, na mkewe Jokébed akisema "Mwambieni Muzee hayupo," mzee mwenyewe aliitikia kutoka chumbani, "Niko!" Alifunga ndoa ya kanisani mwaka 1949, na tangu awe katekista alikuwa amewafundisha wachumba wa vijiji vyote vya pale somo moja: mume mmoja, mke mmoja, basi.

Gari liliruka mashimo. Kabongo alikuwa akitikisa midomo. Marie-Jeanne alidhani anasali.

"Papa yako alizaliwa mwaka gani?" mwalimu alinong'ona.

"Wa kumi na nane."

"Mimi wa arobaini na sita. Batoto sita, tuseme miaka miwili kila mumoja. Donc alioa akiwa na miaka kumi na saba. Inawezekana."

"Mwalimu, nyamaza."

"Nasema tu inawezekana."

Kalunguta walimkuta Ézéchiel uani kwake, mbele ya mabenchi mawili. Siku hiyo alikuwa na wachumba, jozi sita, waliokuwa wanajiandaa kwa ndoa za mwezi wa tisa. Jokébed alikuwa ameketi kando akimenya mihogo. Wanajeshi walipoingia wachumba walisimama wote kwa pamoja kama darasa. Ézéchiel hakusimama, kwa sababu magoti yalikuwa yamekwisha. Alifunga tu kitabu, akaweka kidole katikati ili asipoteze ukurasa.

Komanda alimwelekezea Marie-Jeanne kidole. "Wewe, kimya. Neno moja tu na tumemaliza." Kisha akamwambia Phinées, "Mwulize mzee. Huyu ni nani?"

Kabla Phinées hajafungua mdomo, Kabongo aliamua kusaidia. Katika miaka kumi na miwili alikuwa amejifunza salamu moja ya Kinande, akaitoa kwa sauti nzuri ya darasani.

"Wavukire, Papa."

Hiyo ni salamu ya asubuhi. Ilikuwa saa kumi kasoro jioni. Wachumba wawili wakakohoa. Ézéchiel alimtazama mtu huyu asiyemjua, suruali yake iliyopigwa pasi na magamba ya samaki mikononi.

"Wasibire," alimsahihisha, kama alivyomsahihisha kila mtu.

Phinées akasogea, akakohoa. "Muzee, binti yako anasema huyu ni Mbusa. Ni mutoto wako?"

Kando, Jokébed alimenya muhogo mmoja mzima. Marie-Jeanne aliona macho ya baba yake yakifanya kazi. Mbusa, wa sita. Ndevu nyeupe kuliko za Mumbere. Basi si wa Jokébed. Basi kuna mama mwingine, na wa kwanza. Basi binti yangu, ambaye amesimama pale, ameshanioza. Mzee hakuhitaji kuelezwa zaidi. Jina lile moja lilimweleza uongo wote, kuanzia harusi mpaka idadi ya watoto. Akawatazama wachumba kumi na wawili. Akamtazama mkewe. Akaondoa kidole kitabuni.

"Ni wangu," alisema. "Wa mama mukubwa."

Maneno yaleyale, mama mukubwa, ambayo binti yake aliyasema Mulekera. Komanda aliyasikia. Lakini kilichomaliza kesi hakikuwa maneno ya mzee.

Jokébed alisimama. Hakuna aliyekuwa amemwonya. Alikuwa ameishi na mume huyo miaka arobaini na tisa, na hakuwahi kumsikia akisema uongo. Kwa hiyo aliamini.

"Mama mukubwa?" alisema. "Mama mukubwa! Ézéchiel! Na banaume *sita*?"

Muhogo wa kwanza ulimpita mzee sikioni. Wa pili ulimpata begani. Wa tatu ulimkosa ukampata mwanajeshi. Jokébed alitaka kujua mwanamke huyo anatoka ukoo gani, alikuwa mzuri namna gani, na ni kwa nini yeye, mke wa ndoa, apate habari zake leo, mbele ya watoto wa watu, kutoka kwa mtu asiyejua hata kusalimia.

Komanda alirudi nyuma hatua mbili. Huenda na yeye alikuwa na mke mahali fulani. Aliangalia mzee aliyekinga kichwa kwa kitabu cha dini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

"Hii ni familia," alisema. "Tuondoke hapa."

Phinées alikuwa wa mwisho kupanda gari. Alipompita Marie-Jeanne alimwambia kwa Kinande, bila kumtazama, "Siku nyingine anza na ndevu, ndipo ufike kwa jina." Jioni hiyo tu, akiwa ametulia, ndipo Marie-Jeanne alipogundua jambo. Komanda aliagiza mzee aulizwe *huyu ni nani*. Phinées hakuuliza hivyo. Aliliweka jina la Mbusa ndani ya swali, akalipeleka kwa mzee kama mtu anayepitisha chumvi mezani. Phinées amerudia betri zake sasa, na akikumbushwa husema aliuliza vibaya tu, hakuwa na mazoea.

Gari likatokomea. Mchumba mmoja, Lusenge, akainua mkono.

"Papa katekista, tunaendelea na somo lilelile, ao tunabadilisha?"

Mchumba wake akampiga kofi la bega. Ndoa yao ilifungwa hata hivyo.

Jokébed hakusema na mumewe siku tatu. Siku ya nne Ézéchiel alimfuata shambani na kumweleza ukweli wote kati ya mistari ya maharage, ambako hapakuwa na masikio. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akaendelea kupalilia.

"Nimeelewa," alisema. "Ulimuokoa mutu. Ni vizuri. Lakini ulijibu haraka sana."

"Nilifikiri muda mrefu!"

"Haraka sana, Ézéchiel."

Kabongo alibaki Kalunguta. Kurudi Mulekera kungekuwa wazimu, na Kananga ilikuwa upande wa pili wa vita. Akawa Mbusa kweli: alilima, alikosea kulima, aliwafundisha watoto kuzidisha kwa vijiti vya mihogo, na Kinande chake kikakua mpaka akaweza kubishana na Jokébed. Marie-Jeanne alimletea samaki kila juma pamoja na habari za mji. Copies za cinquième, zilizoletwa pamoja na samaki, mwalimu alizimaliza mwezi wa kumi. Marie-Jeanne akazigawa sokoni kwa wazazi, moja moja, zimefungwa pamoja na tilapia. Alama zilikuwa mbaya. Mwalimu hakumwonea huruma mtu.

Lakini maisha yake yalikuwa yamesimama juu ya jambo moja: kwamba Ézéchiel aliwahi kuwa na mke mwingine. Wachumba sita na wenzao walikuwa wamelisikia, na ndani ya juma moja lilifika mji wa Butembo. Katekista mwenye mke wa siri na watoto sita hawezi kuwafundisha watu ndoa. Kulikanusha kungekuwa kumkabidhi Kabongo kwa wenye orodha. Kwa hiyo Ézéchiel alikwenda kwa padri, akaungama uongo wake kwa kirefu. Padri alimpa malipizi ya Baba Yetu moja. Mzee aliona ni kidogo, akasali kumi. Kisha, nje ya kiti cha maungamo, alimkabidhi padri daftari la wakatekumeni na kuomba kuacha kazi. Padri alijua ni kwa nini, na hakuruhusiwa kujua. Akapokea daftari, akasema asante.

Tangu Jumapili ile Ézéchiel aliketi benchi la mwisho, karibu na mlango, pamoja na wanaochelewa. Miaka arobaini alikuwa ameketi mbele. Marie-Jeanne alikuwa akija Jumapili na kuangalia nyuma, juu ya vichwa vya kanisa lote, mpaka kwa baba yake, na kilichomsumbua hakikuwa tena wanajeshi. Mzee alikuwa na miaka themanini na moja, na mbili, na tatu. Vita havikuonyesha dalili ya kwisha. Je, angekufa akiwa na jina baya alilopewa na binti yake?

"Papa, unanichukia?" alimwuliza siku moja.

"Ndiyo, kwa ajili ya wale wana sita," alisema mzee. "Wawili wangetosha."

Mwaka 2003 serikali mpya ikaundwa Kinshasa, na ndege zikaanza kutua Beni tena. Mwezi wa tisa Victorine na Shekinah walishuka uwanjani. Shekinah, aliyeondoka na miaka kumi na moja, alikuwa mrefu kuliko mama yake. Victorine alimtazama mtu mwenye mikono ya mkulima aliyekuja kumpokea, akamwamkia kwa Tshiluba, lugha yao ya Kasai, na mtu huyo kwa mshtuko akamwitikia kwa Kinande. Marie-Jeanne anasema alicheka mpaka akalazimika kuketi juu ya sanduku la abiria asiyemjua.

Kabongo angeweza kupanda ndege ya kurudi juma lilelile. Alikataa mpaka Jumapili ipite. Siku hiyo, baada ya matangazo, aliomba ruhusa ya kusema, akasimama mbele na suruali yake iliyopigwa pasi.

"Mimi si Mbusa," alisema kwa Kinande chake. "Naitwa Kabongo, mutu wa Kasai. Muzee Ézéchiel hana mutoto Katanga. Hakuwahi kuwa na mwanamuke mwingine. Alidanganya mara moja tu katika maisha yake, na ilikuwa kwa ajili yangu. Nimekuja kumurudishia—"

"Tunajua!" mtu akapaza sauti.

Alikuwa Rébecca, mwanamke mzee wa benchi la tatu, rika la Jokébed.

"Tunajua tangu Jumapili ya kwanza," aliendelea. "Ézéchiel huyu? Mimi nilikuwa msichana hapa. Alipotaka kumuposa Jokébed alituma watu mara nne kwa sababu aliogopa kwenda mwenyewe. Bibi mwingine angemupata wapi?"

Kanisa likalipuka. Watu walikuwa wakigeukiana, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyejua mwanzo: mmoja kwa masikio ya Kabongo, mwingine kwa jinsi alivyoshika jembe. Lusenge, sasa baba wa watoto wawili, alisema aliona palepale uani na ndiyo maana aliuliza swali lile. Hakuna aliyemwamini. Miaka mitano kijiji kizima kilikuwa kimemsengenya katekista wake kwa sauti ya kutosha kufika kwa wanajeshi, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenzake kwamba anajua.

Padri alisubiri kelele zipungue. Akachukua daftari la wakatekumeni chini ya altare, akaliweka juu ya kiti cha mbele kilichokuwa wazi, na kutazama dari.

Ézéchiel aliinuka kwenye benchi la mwisho. Magoti yalichukua muda wao. Lusenge alitaka kumshika mkono. Marie-Jeanne akamvuta shati, kwa kuwa alimjua baba yake. Mzee alitembea peke yake katikati ya kanisa, polepole, akiwasahihisha njiani wawili waliokuwa wamekaa vibaya. Zilipita dakika mbili nzima kabla hajalifikia daftari. Hakuna aliyeimba kumharakisha.